Awe Mtu Aliyeoa

9 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na yule fundi wa paa amerudi kumalizia upande wa jikoni. Kama hajarudi niandikie, nije nimshike shati mwenyewe. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameng'oka meno ya mbele yote mawili kwa mkupuo, sasa kila akisema "shule" unasikia upepo tu. Mimi nimepata mkanda mpya wa cherehani, na wateja hawajanikimbia, ingawa unaijua lugha yangu, ni ileile ya njoo Ijumaa.

Sasa nikupe habari yenyewe. Yule mzee aliyekuwa mtunza pampu kwenye kituo cha maji kule juu amestaafu. Unakumbuka mkweo amekuwa kibarua wake miaka yote hii, kupaka grisi, kubadilisha mipira, kuzibua machujio, akilipwa kwa siku. Halmashauri ya jiji ikatangaza nafasi, naye akaomba. Waombaji wakafanyiwa usaili wa kuandika na wa kushika spana, matokeo yakabandikwa ukutani, na jina lake likawa juu kabisa. Jioni ile tulivaa nguo za kutokea, Shangazi, tukakaa nazo humuhumu ndani ya chumba chetu kimoja, tunatazamana na kucheka.

Kazi hiyo ina nyumba ndani ya uzio wa kituo. Vyumba vitatu, na maji hayakatiki, labda wakate ya kwao wenyewe. Mkweo ameshaniambia cherehani itakaa dirisha lipi.

Ila barua ya kazi haikuja. Alipokwenda ofisi ya ajira, karani akamtolea kanuni ya zamani ya jiji inayosema sijui nini na nini, mambo ya maneno tu. Wakamweka mtu wa pili, ndiye anaekaimu mpaka sasa. Mkweo hakugombana na mtu. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa wakili, anataka mahakama iilazimishe halmashauri impe kazi aliyoishinda. Kesi imeshafunguliwa. Usiwe na wasiwasi wowote.

Anakusalimu sana, na mwenye mapengo pia.

Mwanao,
Fundi


27 Februari

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Goti lipo. Fundi wa paa alirudi, akapanda, akashuka, akasema amesahau nyundo, na tangu hapo anaifuata. Mwambie mjukuu wangu asome kwa sauti kila siku asije akazoea upepo. Jirani yangu muuza mitumba ameoza binti yake wa mwisho, nyumba imebaki kimya, sasa anakuja kwangu kila asubuhi kunieleza jinsi ilivyo kimya.

Barua yako nimeisoma na penseli nyekundu mkononi, kama kawaida. Umeandika "anaekaimu". Ni "anayekaimu". Hiyo Y imekukosea nini? Lakini hilo ni dogo. Kosa kubwa ni pale uliposema "sijui nini na nini, mambo ya maneno tu". Nimefundisha Kiswahili mpaka chaki ikanikausha koo, halafu mtoto niliyemlea mwenyewe ananiambia maneno tu! Mwanafunzi akiruka jambo katika insha, basi ujue hilo ndilo jambo lenyewe.

Kanuni inasema nini? Ninakilie neno kwa neno. Usinifupishie.

Nimefurahi kwa ajili ya mkwe wangu. Nimeisoma habari ya jina lake kuwa juu mara mbili, ya pili kwa sauti.

Shangazi yako


2 Aprili

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa. Sare za shule zilinizonga, halafu mwenye mapengo akapata mafua, akampa mama yake, mama yake akanipa mimi, tukawa tunapiga chafya kwa zamu. Sasa tumepona.

Umeniweka kati na sina pa kutokea. Kanuni yenyewe hii hapa, nimeinakili kwenye meza ya wakili: "Mtunza pampu awe mtu aliyeoa, na mkewe akae naye kituoni, ili kengele isikose wa kuiitikia."

Kengele hiyo hulia maji yakishuka kwenye tangi. Mtunza pampu akiwa chini shimoni kwenye mabomba haisikii kabisa kwa kelele za mashine, kwa hiyo anatakiwa mtu nyumbani wa kuisikia na kumkimbilia. Sasa karani alimwambia mkweo, "Mama, wewe umeolewa. Hujaoa." Mkweo akamjibu, "Nina mume anashinda nyumbani, na masikio yake mazima." Karani akasema, "Kanuni inataka mke." Ndiyo hivyo.

Cha kuchekesha ni kwamba huyo waliyemweka, sisi tunamwita Kaimu, hajaoa pia! Kijana mpole, hana makuu. Jiji linasema yeye ana uwezo wa kuoa, kwa hiyo wanamsubiri, ila afanye hima kabla kesi haijasikilizwa. Na sasa sikiliza haya. Juzi nimeinama kwenye cherehani, nainua uso, Kaimu huyo mlangoni na kitambaa cha kijivu kwapani. Anataka suti ya harusi.

Nikamwambia, "Unajua mimi ni mume wa nani?"

"Najua, kaka. Lakini mabega yangu haya mafundi wote huyashindwa, na kila mtu ananiambia niende kwako. Ukinichelewesha nitaelewa."

"Mchumba yupo?"

"Anatafutwa. Nimeona nianze na suti."

Nikampima. Mabega yake kweli ni kazi, moja limeshuka kama limechoka mapema. Sasa nakuuliza, Shangazi. Nikiimaliza suti kwa wakati, akapata mtu, akaoa, mke wangu amekosa kazi na sisi tumekosa nyumba. Nikisema njoo Ijumaa, kisha Ijumaa nyingine, hakuna atakayeshangaa, kuchelewa ndiyo sifa yangu mjini. Mkweo sijamwambia kitu. Kitambaa kimekunjwa juu ya kabati na kila nikilala nakiona.

Mwanao,
Fundi


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kunyweni vitu vya moto na mfungue dirisha. Huku mvua imeanza na sufuria zangu zote ziko chini ya paa zinakinga maji, nikitaka chai inabidi nichague tone lipi lianguke sakafuni.

Nianze na kanuni. Sitakupaka mafuta. Kisarufi jiji limeshinda. Kitenzi ni "oa", kauli yake ya kutendwa ni "olewa". Nimeandika ubaoni maisha yangu yote: Baba ameoa, mama ameolewa. Watoto waliimba hivyo mpaka walinzi wakajua. Wakili wa jiji huenda nilimfundisha mimi. Kama kesi yenu imekalia neno hilo, mwambie mkwe wangu mapema asije akaumia.

Suti ishone, na uimalize siku uliyosema. Huyo kijana amekuja kwako mchana kweupe na kitambaa chake, akakwambia ukweli. Sikukulea uje kumshinda mtu kwa pindo la suruali. Umenisikia?

Na la tatu, ndilo ninalotaka ulisome vizuri. Wakili wenu asikupandishe wewe kizimbani. Nawajua mawakili. Watataka ueleze unavyopika na unavyofua mbele ya watu, na watu watacheka. Mimi ndiye niliyekwenda kukuposea, nilivaa viatu vinavyobana nikakaa kwenye kiti cha ugeni nikakusemea kama ambavyo baba yako angekusemea angekuwepo. Mimi ndiye niliyekuoza, na sikukuoza uje uoze. Kesi ni ya mkeo, aiseme mkeo.

Umeandika "kwapani" vizuri. Nilidhani utakosea.

Shangazi yako


11 Juni

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Pole na mvua, natumaini sufuria zimerudi jikoni. Huku mwenye mapengo ameota jino moja, limetoka limekaa upande, lakini s imerudi na anaitumia hata pasipohitajika. Mimi nimepungua kidogo, mkweo anasema ni mawazo, mimi nasema ni mkanda mpya wa suruali.

Suti niliimaliza siku mbili kabla ya ahadi. Mkweo alipoiona imetundikwa akauliza ya nani, nikamwambia. Alikaa kitandani, akaitazama, akaniambia, "Bega la kushoto umelipatia kweli." Nililala usingizi mzuri usiku ule kuliko siku nyingi.

Kesi imesikilizwa wiki iliyopita. Jaji ni mama mtu mzima, miwani puani, haongei sana. Wakili wa jiji alifanya kama ulivyosema, alisimama akaanza na baba ameoa, mama ameolewa, akasema kila mtoto wa shule anajua. Nilitamani nimwambie najua pia aliyemfundisha.

Kisha wakamwita Kaimu. Akapanda kizimbani na suti yangu! Imemkaa kama ngozi, na sisemi kwa sababu ni yangu. Jaji akavua miwani.

"Wewe umeoa?"

"Bado, mheshimiwa. Ila suti iko tayari."

Shangazi, mahakama ilivunjika mbavu. Hata karani wa mahakama aliweka kalamu chini. Jaji akamuuliza, "Na mke?" Kaimu akasema, "Naendelea kuulizia." Akashuka kwa adabu zake zote, akapita mbele yetu, akamsalimia mkweo.

Na mimi niliulizwa maswali mawili matatu, nikajibu. Watu walicheka kidogo, lakini walikuwa wameshaanza kucheka tangu kwa Kaimu. Hukumu itasomwa mwezi wa tisa. Wakili wetu anasema tusubiri tu.

Cherehani iko salama. Muuza mitumba msalimie, naye mwambie kimya ni kizuri.

Mwanao,
Fundi


30 Agosti

Fundi,

Barua yako ya mwezi wa sita ilifika.

Goti haliumi. Paa limekwisha, nilimwita fundi mwingine. Kuku mweusi ameangua. Jirani amepata mpangaji na sasa analalamika kwamba kuna kelele.

Mwalimu mwenzangu wa zamani alipita kunisalimu, akaniletea gazeti la huko kwenu. Alilifungua mezani kwangu kwenye ukurasa wa picha, akasubiri niseme kitu. Nikamkaribisha chai.

Barua yako sikuisahihisha.

Shangazi


14 Septemba

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza sina hakika kama utaiitikia.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Mkweo akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, Shangazi hakunisahihisha. Akaelewa.

Nakueleza yote, bila kufupisha. Wakili wetu aliniita mwezi wa tano. Akasema jiji litauliza nani ataitikia kengele, na bila mimi hakuna jibu. Mkweo akaniambia, "Usipotaka, usiende. Nitatafuta njia nyingine." Hakunisukuma hata kidogo. Nilikwenda kwa miguu yangu.

Wakili wa jiji aliniuliza kazi za nyumbani anafanya nani. Nikasema mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda nyumbani. Nani anapika? Mimi, siku nyingi. Nani anamfuata mtoto shule? Mimi. Akageukia watu, anatabasamu, akasema, "Lakini kanuni inataka mke, Bwana Fundi. Mke." Yale matabasamu yake yalinichefua. Nikamwambia jaji, "Mheshimiwa, kama jiji linataka mke wa kusikia kengele, waniandike mimi. Mke wa mtunza pampu ni mimi." Watu wakalipuka. Wakili akapaza sauti juu ya kicheko, "Kwa hiyo unakiri mbele ya mahakama kwamba wewe umeolewa?"

Nikasema, "Ndiyo. Nimeolewa, na nimetulia."

Ndiyo waliyoyaandika gazetini, kwa herufi kubwa, na picha yangu mdomo wazi. Mteja mmoja aliniletea sketi akasema ni yangu. Wawili hawajarudi. Hayo sikuyajali sana. Sikukuandikia kwa sababu nilikuogopa wewe, Shangazi. Jiji zima sikuliogopa, lakini nilikuona umekaa kwenye kile kiti cha ugeni na viatu vinavyokubana, unanisemea, nikajua nimekuvunjia maneno yako.

Sasa hukumu. Ilisomwa juzi. Jaji alisema jiji lenyewe lilimpokea mtu asiyeoa, kwa hiyo neno hilo wameshaliacha kwa mkono wao, hawawezi kuliokota tena likimfikia mwanamke. Akasema kanuni inataka mtu nyumbani wa kuitikia kengele, na mtu huyo yupo, amemsikia mwenyewe akijieleza. Ameiamuru halmashauri impe mkweo barua ya kazi kabla mwezi haujaisha, na nyumba pamoja.

Wa kwanza kutupa mkono alikuwa Kaimu. Alionekana mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Amesema suti ataitunza, haozi, na mke atamtafuta taratibu sasa kwa kuwa jiji halimsubiri.

Mkweo hakulia mahakamani. Alilia nyumbani, ameshika sufuria.

Tumeshinda, Shangazi, na nina furaha, lakini haijakamilika. Nisahihishe japo neno moja.

Mwanao,
Fundi


3 Oktoba

Mwanangu Fundi,

Marahaba, zote mbili.

Umeandika "haozi" kwa suti. Suti ni ya ngeli ya I-ZI. "Haiozi." Basi, nimekusahihisha, pumua.

Nilikasirika. Sitaficha. Nilikasirika mpaka nikawa naongea na kuku. Nilikukataza jambo moja tu ukaenda ukalifanya mbele ya mpiga picha. Na sokoni walinicheka, usidhani hawakunicheka. Muuza vitunguu aliniuliza kama mwanangu hajambo huko kwa mumewe.

Lakini barua yako ya mwisho niliisoma, nikaiweka, nikaenda kulala, sikupata usingizi. Nilikuwa nafikiri neno lile. Wewe unajua mimi sikuolewa, na hujawahi kuniuliza kwa nini, nami nilikushukuru kwa hilo. Nimejaza hati nyingi maishani, za mshahara, za kiwanja, za hospitali. Kila karani aliniangalia akaandika "hajaolewa" kabla sijafungua mdomo. Nimejenga nyumba hii. Nimekulea wewe. Nimekwenda kuposa kama mwanamume. Na karatasi zote zinasema kuna kitu sikufanyiwa. Hakuna hata moja inayosema nimefanya. Nami huku ubaoni nawafundisha watoto baba ameoa, mama ameolewa, mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi kusikia kwamba mimi simo kwenye sentensi.

Wewe ulipanda kizimbani ukaingia kwenye sentensi upande ambao hakuna aliyekutaka uingie, ukasema umetulia. Iliniuma, na kisha nikaona wivu. Nakwambia kama ilivyo.

Sasa tuongee mambo ya maana. Kama mahakama imekubali kwamba wewe ndiye mke, basi kuna utaratibu umekosewa. Miaka ile ni mimi niliyefunga safari kwenda kwao, nikakaa, nikaomba. Kumbe wenye kuja kuomba walitakiwa kuwa wao! Nimemtoa mwanangu bila mtu kuja kubisha hodi. Jambo hili siliachi.

Mwambie mkwe wangu aje kuposa. Fedha sitaki, na asije na mizigo. Nataka aje mwenyewe, akae kwenye kiti cha mgeni, aseme kilichomleta. Na ajiandae, mimi si mtu wa kukubali kirahisi.

Shangazi yako


29 Oktoba

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka dirisha la cherehani. Tumehamia! Mwenye mapengo (bado namwita hivyo ingawa pengo moja limeziba) amechagua chumba kinachotazama mashine, anasema zikinguruma anapata usingizi. Mwangaza wa hapa ni mzuri, naweza kupitisha uzi bila kukunja uso. Wale wateja wawili wamerudi, mmoja akauliza kama sasa atapata maji ya bure. Nikamwambia njoo Ijumaa.

Kengele ililia mara ya kwanza Jumanne mchana. Nilikuwa nashona kola. Niliruka, Shangazi, nikaangusha kiti, nikakimbia mpaka mlango wa shimo nikapiga kelele. Mkweo akatoka na mafuta mpaka kwenye nyusi, akazungusha gurudumu la bomba, akatulia akisikiliza, akaniambia, "Ahsante, mke wangu." Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye zege. Nilifurahi siku hiyo kwa namna ambayo siwezi kuiandika ikanyooka.

Barua yako nilimsomea. Nilipofika pale pa karatasi, alinichukulia akaimaliza mwenyewe kimya. Kisha akaenda ofisini kuomba ruhusa, na ni mwajiriwa mpya, hajamaliza hata mwezi! Wamempa siku mbili. Kaimu atakaimu. Mimi siwezi kuja, kengele lazima ipate mwitikiaji, kwa hiyo kwa siku mbili nitakuwa mke wa Kaimu. Usilipeleke hilo kwa muuza vitunguu.

Anafika Jumamosi ya pili. Ameniuliza mara nyingi akuambie nini. Nimekataa kumsaidia. Nilimshonea gauni tu.

Mwanao,
Fundi


16 Novemba

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Niko mzima. Muuza mitumba yuko mzima, alikuwa dirishani muda wote.

Mkwe wangu alifika Jumamosi. Gauni lilikuwa zuri na pindo limenyooka. Kucha zake zilikuwa na grisi, akazificha, nikamwambia aziache. Nilikuwa nimevaa vile viatu. Nikamwonyesha kiti cha mgeni, nikakaa mkabala naye, nikanyamaza makusudi.

Akasema amekuja kwa ombi. Nikamuuliza, "Una kazi?"

"Ninayo, Shangazi. Ya jiji, ya kudumu."

"Nyumba?"

"Vyumba vitatu, na maji."

"Mwanangu ana maneno mengi, na hamalizi kitu kwa wakati."

"Suti moja alimaliza."

Nilikuwa nimepanga kukataa mara ya kwanza, nimpe chai, nikatae tena, nimwambie nitafikiri. Nilikuwa nimejifanyisha mazoezi mbele ya kuku. Lakini akainama akasema hivi, nakunakilia neno kwa neno: "Shangazi, mtoto huyu ulimlea peke yako. Ulipokuja kwetu tulikupa chai tukaona ni kawaida. Hakuna aliyesema ahsante. Mimi nimekuja kukuomba, na kusema ahsante."

Nililia, mwanangu. Nililia kama mtoto aliyeanguka, na viatu vikinibana. Yeye akasubiri mpaka nikamaliza, hakunigusa, hakuniharakisha. Nadhani ndivyo anavyongoja bomba litulie.

Nikamwambia nimekubali. Akaniuliza kama kuna sharti. Nikamwambia moja tu, vyumba ni vitatu na nyinyi mnatumia viwili. Akasema cha tatu ameshakipaka rangi, alikuwa anangoja nikitaje mwenyewe.

Nitakuja Januari, na nitakuwa nasikiliza kengele wewe ukienda sokoni.

Umeolewa, mwanangu. Kaa vizuri na watu.

Shangazi yako